Unafikia kwa Nani?

Kwetu Pemba mtu akitangaza safari haulizwi anakwenda kuona nini. Anaulizwa anafikia kwa nani. Nimeulizwa hivyo na mama, na ami zangu, na mwenye duka la Wete ninakonunua uzi, hata na dereva wa gari ya Mkoani alipoliona begi langu. Anayeuliza hatafuti jina la hoteli. Anataka kujua nani atakuwekea sahani, nani atatoka kukutafuta ikiwa Isha imepita hujarudi, na ukifikwa na ajali yako huko, nani atakuosha. Nimetembea miaka kadhaa, kwa vipindi: Komoro, Oman, India, Malaysia, Indonesia, na pwani ya Kenya ambako sisi si wageni khasa. Kila nilipofika, jawabu la swali lile ndilo lililoamua nitaona nini na nisione nini. Naandika kwa sababu wasichana wa kwetu wananiuliza habari za safari, na safari wanazozifahamu wao ni za watu wanaotoka mbali kuja Unguja, wakakaa ufukweni wiki moja, wakaondoka. Sisi tuna njia yetu ya kusafiri, nayo ni ya zamani.

Upande wa mama yangu ni watu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi cha Pemba. Mtoto wa Kojani hukua akijua kuwa baba ana miezi yake ya nyumbani na miezi yake ya dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini. Upepo ukigeuka, ikiingia kaskazi au ikiingia kusi, vyombo huondoka: Tanga, Mafia, Shimoni, Mombasa, hadi Lamu. Wavuvi hujenga mabanda ya makuti kwenye fukwe za watu, wakavua, wakaanika samaki, wakauza, na miezi ikapita. Lakini hawatii nanga tu wakaanza kujenga. Kwanza nahodha hupiga hodi kwa wakubwa wa kijiji, ajulikane ametoka wapi, ana watu wangapi, mwenyeji wake nani. Asiye na mwenyeji hana dago. Babu yangu alikuwa akiyasema haya kama anayesoma sheria, na mimi nimeyakuta yana nguvu mbali kabisa na maji aliyoyajua yeye.

Wengine walikwenda dago wasirudi. Tokea zama za Mwingereza kuna Wapemba waliobaki pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, wakaoa, wakazaa, wakazikana huko. Kwa miongo mingi watu hawa hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Mtoto anafaulu skuli, hana cheti cha kuzaliwa cha kumpeleka mbele. Mvuvi anatoka baharini, anaulizwa karatasi, hana. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa ni moja katika jamii za nchi hiyo, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Nilifikia kwa binamu ya mama upande wa Kwale baada ya hapo. Bibi huyo kavuka miaka sabini. Aliingia ndani, akatoka na kasha, ndani ya kasha mna mkoba, ndani ya mkoba mna kitambaa cha kanga, ndani ya kanga mna kadi yake. Aliishika kwa ncha za vidole asiiguse picha. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimezika mume hapa, na miaka yote hiyo nikimwona askari nageuza njia." Nikamuomba anitolee hadithi yote tokea mwanzo, tukakaa ukumbini mpaka kibatari kikaisha mafuta.

Kwa hivyo mtu akinisifia safari ya kwenda kwa jamaa kwamba ni nyepesi, ukarimu upo na chakula kipo, mimi humuuliza habari ya karatasi. Jamaa atakupa kitanda. Ruhusa ya kuishi hana. Kila nchi niliyoingia, pasipoti yangu na tarehe za viza zilikuwa zimeandikwa pahala patatu: kwenye daftari, kwa mama, na kwa mwenyeji. Hilo nimelichukua Kwale kwa bibi yule.

Komoro nilikwenda kwa harusi. Binti ami yangu ameolewa Moroni, na wifi yake alikuwa anafanyiwa ada, ile harusi kubwa ya Ngazija, kisiwa chenye mji wa Moroni, ambayo watu huiwekea akiba miaka na miaka. Siku mbili za mwanzo niliwekwa chumba cha mbele, kwenye kiti kizuri, sharubati mkononi. Wanawake wako uwani wanapika kwa makelele na vicheko, nami nasikia nusu tu ya wanayosema, maana Kingazija na Kiswahili ni ndugu lakini kila mmoja kakulia nyumba yake. Chakula kinaletwa, sahani zinaondoshwa. Nikinyanyuka, naambiwa nikae. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu kila mtu anaijua, na wengi huitumia kumsema mgeni asiyetaka kuondoka. Mimi naiona ni heshima. Kabla ya jembe wewe bado unatazamwa.

Siku ya tatu nilitoa kofia niliyokuwa nikiishona, nikakaa nayo dirishani penye mwanga. Hii ni kazi niliyofundishwa na bibi yangu mzaa baba, kofia za viua za mkono: kitambaa cheupe tabaka mbili, mchoro wa penseli, kila kitobo kinatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kikaze, kitobo kimoja baada ya kingine, ukanda mzima wa pembeni, kisha duara la juu. Kofia nzuri hula wiki nyingi. Bibi mmoja wa nyumba ile alipita, akasimama, akanyoosha mkono bila ya kuniuliza. Hakutazama mchoro. Aliigeuza kofia ndani nje akautazama upande wa nyuma, pale mshonaji anapoficha mafundo yake. Akapitisha kidole gumba juu ya mishono, pole pole, safu nzima. Kisha akanirejeshea, akasema neno moja kwa wenzake ambalo sikulidaka. Asubuhi ya pili nikaitwa uwani kumenya ndizi.

Tokea hapo nikaanza kuiona Ngazija. Wanawake wa kule nao huwashonea wachumba na waume zao kofia, na hilo peke yake lingetosha kutuweka pamoja mchana kutwa. Lakini kubwa nililolipata kwenye ndizi na sindano lilikuwa habari ya nyumba. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake, na mume ndiye anayehamia. Ndoa ikivunjika, anayetoka na nguo zake ni mwanamume. Wao ni Waislamu kama sisi, madhehebu yetu ni moja ya Shafii, kadhi wao na kadhi wetu wamesoma vitabu vile vile. Mimi nimeona kwetu wanawake wangapi siku ya talaka wakirudi kwao na kifurushi, mtoto mkononi, wakaanze upya kwenye chumba cha kaka. Sijawahi tena kukubali mtu akiniambia kwamba hilo ni lazima liwe hivyo, au kwamba ndiyo dini. Ningekaa Moroni kwa siku mbili za kiti kizuri, nisingelijua.

Nilivuka pia Anzuwani, kisiwa cha pili cha Komoro. Kutoka huko hadi Mayotte, ambayo ilibaki kwa Mfaransa wenzake walipochukua uhuru 1975, ni kama kilomita sabini za bahari. Watu wa visiwa vile walikuwa wakitembeleana, wakioana, mpaka 1995 ilipowekwa viza. Sasa wanavuka usiku kwa mashua ndogo, na wengi wamekufa maji. Mama mwenyeji wangu alikuwa na kijana aliyeondoka. Kila magharibi alikuwa anaweka sahani moja zaidi kwenye mkeka, na watoto wa nyumba ile wanajua kuwa haiguswi mpaka watu wote washibe. Sisi Wapemba tunaijua khofu hiyo. Mwezi wa Januari 2001 watu zaidi ya elfu mbili walikimbia machafuko ya kisiasa, wakavuka kwenda Shimoni kwa vyombo vya uvuvi, na meli ya Septemba 2011 iliyozama ikija Pemba haina mtaa ambao haikuingia. Nilikaa naye yule mama. Sikumpa maneno, nilikula nae.

Muscat nilifikia kwa shangazi. Familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar baada ya 1964, na baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani, wengi wakaitwa wakajenge nchi. Shangazi aliolewa huko. Nyumba yake kinasemwa Kiswahili kwenye meza na Kiarabu mlangoni, na asubuhi kuna mandazi na tende kwenye sinia moja. Pale sindano yangu haikuhitaji kuelezwa, maana kofia ya Kiomani, kumma, ni ndugu wa kofia yetu, na wazee wengi wa Muscat watakwambia wenyewe kwamba ilifika kwao kutoka Zanzibar. Kumma za mashine zimejaa soko la Mutrah na bei yake ni rahisi. Ya mkono mtu huiagiza, akaingoja. Shangazi alizungumza na wenzake, nikaanza kuletewa vitambaa.

Nataka kusema jambo la Muscat ambalo wageni wa muda mfupi hawalisikii. Wale wazee wana Zanzibar yao ambayo haipo tena, na wanailinda. Wanakumbuka njia za mji kwa majina ambayo sisi tumeyaacha, wanapika boko boko kwa kipimo cha mama zao waliokufa zamani, na ukiwaambia kwamba pahala fulani pamejengwa hoteli wananyamaza. Mimi nilizaliwa baada ya hayo yote. Mwanzo nilikuwa nasahihisha: la, njia ile siku hizi inapita hapa, duka lile halipo. Kisha nikaona kwamba ninachohitajika kukifanya ni kusikiliza, kwa sababu wao ndio wenye habari ambayo mimi sina. Mzee mmoja aliniletea kofia ya baba yake, imekuwa rangi ya chai, ukanda umechakaa, akataka niitie viraka. Upande wa nyuma nikaukuta mfumo wa mafundo wa bibi yangu. Nikamuuliza ilishonwa wapi. "Wete," akasema, "na mwanamke ambaye mimi simjui."

India sina mengi. Shangazi alipata maradhi ya figo, mwanawe hana likizo, nikafuatana naye mimi Mumbai. Watu wetu wengi huijua India kwa njia hiyo tu, ya spitali. Tulipanga chumba karibu, kwenye jengo lililojaa wagonjwa na wauguzaji wao kutoka Tanzania, Oman, Yemen, Iraq. Jiko ni moja, zamu zimeandikwa ukutani. Asubuhi unamkuta mama wa mji wa Sanaa, Yemen, anachemsha maji ya mgonjwa wake, na wewe unangoja na sufuria yako, na kwa kuwa hamna lugha moja mnaoneshana: leo kala, leo hakula, leo katembea mpaka dirishani. Kwenye jengo lile hakuna aliyekuwa mwenyeji, kwa hivyo kila aliyetangulia alimpokea aliyekuja nyuma. Sisi tulipokelewa na familia ya Tabora iliyotuonesha wapi pa kununua mchele na dawa ipi ya kuulizia bei mara mbili. Siku tuliyoondoka nilimpokea mtu wa Lindi nikamuonesha yale yale. Shangazi alipona vya kutosha kurudi kwake.

Hapo kati kuna ubalozi mmoja ulioninyima viza. Barua ilisema hawakuridhika kwamba nitarudi kwetu. Mialiko nilikuwa nayo, pesa nilikuwa nazo, na kazi yangu nimeieleza. Nimeitaja kwa sababu msichana wa Pemba anayepanga safari ndefu lazima ajue kuwa atakutana na hilo, na kwamba ada haimrejei. Ni haki kuumia. Mimi niliumia sana. Nchi yao sijaiona na ramani yangu ikageuka ikaelekea mashariki.

Tokea skuli ya msingi tulifundishwa kwamba karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Sisi tunaozaliwa kwenye mikarafuu tunalijua hilo kama jina la babu wa mbali. Visiwa vile, Ternate, Tidore na jirani zake, ndivyo vilivyokuwa na karafuu peke yake duniani kwa karne nyingi. Waholanzi walipovishika, kutoka 1652 wakaanza kung'oa mikarafuu ya Ternate na Tidore ili zao lilimwe kisiwa cha Ambon tu, chini ya macho yao. Watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre waliiba miche karibu na 1770, ikafika Mauritius na Reunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na ndiyo maana leo karafuu ni Pemba. Nilitaka kuona zilipotoka. Pesa za kumma zilitosha tiketi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasoma Kuala Lumpur na Kimalei kinampanda, kwa hivyo baba akakubali: nitakwenda na kaka mtu. Mama akauliza swali lake. Kwa mara ya kwanza sikuwa na jawabu.

Tulibadilisha ndege Makassar. Ternate ni mlima mmoja uliosimama baharini, Gamalama, nao ni volkano, mji umejipanga chini yake kando ya maji. Nilipotoka uwanjani kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu. Ilikuwa msimu. Karafuu zimeanikwa kila pahala, kwenye maturubali kando ya barabara, mbele ya maduka, kwenye uwa wa msikiti, nyekundu zilizochumwa jana na nyeusi zinazongoja gunia. Nikamwambia mdogo wangu asimamishe gari. Nikachutama, nikachukua gao la karafuu nikaiuma moja, kama afanyavyo baba kupima ukavu. Mwanamke mwenye jamvi alitoka ndani haraka kuangalia nani anagusa mali yake. Mdogo wangu akamueleza. Yule mama akanitazama, akaniuliza zangu zinakauka kwa siku ngapi.

Ndivyo nilivyopata mwenyeji. Mdogo wangu alirudi chuoni baada ya wiki, mimi nikabaki kwa yule mama msimu mzima, kwa idhini ya baba iliyopatikana kwa simu ndefu, naye mwenyewe kazungumza na mume wa yule mama kwa kupitia kwa mdogo wangu.

Siku ya tatu haikungojwa. Usiku wa kwanza magunia yaliyoteremshwa mlimani yalimwagwa ukumbini, watu wazima na watoto wakakaa kuzunguka, na mimi nikakaa. Kuchambua karafuu hakuna lugha. Unashika kishada mkono wa kushoto, unakisukuma kwenye kiganja cha kulia kwa kukizungusha, karafuu zinaanguka upande mmoja, makonyo, yaani vijiti vyake, upande mwingine. Wao wanazungusha kutoka nje kuja ndani, sisi kutoka ndani kwenda nje. Watoto waliliona hilo kabla ya wakubwa, wakaanza kushindana nami. Vidole vikawa vyeusi, harufu ikaingia kwenye nywele, ikakaa humo mpaka nilipoondoka.

Na usiku wa kuchambua ndio usiku wa maneno. Kimalei nilikipata pale, cha sokoni na cha jikoni. Walitaka kujua nani ananunua karafuu zetu. Nikawaeleza kwamba Zanzibar mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa bei iliyotangazwa, na kwamba kupeleka karafuu Mombasa kwa siri ni magendo, watu wamefungwa kwa hilo. Wao wanauza kwa wafanyabiashara na bei inaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni, maana karafuu nyingi ya Indonesia haisafiri nje, inavutwa nchini mwao ndani ya sigara za kretek. Nilidhani watanionea huruma kwa mnunuzi mmoja. Baba mwenye nyumba akanyamaza, kisha akasema nao walikuwa naye. Kwenye miaka ya 1990, hadi 1998, biashara yote ya karafuu iliwekwa mikononi mwa bodi moja iliyoongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Bei ya mkulima ikaanguka mpaka haikulipa gharama za wachumaji. Kuna walioacha karafuu zikaanguka chini, kuna walioikata mikarafuu wakaitia kuni. Yeye hakukata. Alinipeleka kuionesha, kwenye mteremko mkali wa Gamalama, mikarafuu mikongwe iliyopandwa na baba yake, na ngazi za mianzi zimefungwa juu yake. Nikamwambia kwetu nako wazee wanasimulia miaka ambayo bei ilikuwa mbaya hivyo, mashamba yakaota magugu. Tulikuwa watu wawili tunaotoka pande mbili za mbali, na malalamiko yetu yanafanana mpaka kwenye makonyo. Nikamueleza kwamba kwetu makonyo nayo yanauzwa, kuna kiwanda Wawi kinayakamua mafuta. Hilo alilirudia kwa jirani zake usiku ule ule.

Nikiwa Ternate bibi yangu alifariki Wete. Yule aliyenifundisha sindano. Simu ilinifikia karibu na adhuhuri ya kwao, na kwetu kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Kwetu maiti hailali. Kabla ya alasiri atakuwa kaburini, na mimi niko upande wa pili wa bahari ya Hindi na kisha mbele zaidi. Hakuna ndege ya kulikimbilia hilo. Huu ndio ushuru wa safari ndefu, na anayesema hana uchungu nao bado hajafiwa.

Yule mama aliniuliza jina la bibi na jina la baba yake. Basi. Sikujua anayataka ya nini. Baada ya Magharibi ukumbi uliokuwa wa karafuu ulifagiwa, mikeka ikatandikwa, na majirani wakaanza kuingia, wanaume kwa kofia zao nyeusi, wanawake kwa mitandio. Wakasoma Yasin, wakasoma tahlil, na imamu alipofika kwenye dua akalitaja jina la bibi yangu na la baba yake, na matamshi yake ya Kimaluku, mbele ya watu ambao hawakuwahi kusikia kama kuna pahala panaitwa Wete. Walirudi usiku wa pili na wa tatu. Waliletewa wali na samaki na kahawa ya viungo, na gharama zote nilikatazwa kuzigusa. Nilimpigia mama, nikaiweka simu katikati ya ukumbi, na kule Wete nao walikuwa wamekaa kwenye khitma, wakasikia.

Nilirudi nyumbani msimu ulipokwisha. Nilikuta mtoto wa kaka anatembea niliyemwacha hajakaa, ukuta wa jikoni umehamishwa, na rafiki yangu mmoja ana mambo mapya ambayo mimi simo. Watu hudhani anayesafiri ndiye anayebadilika na nyumbani panamngoja. Hapamngoji. Nilianza tena kwa kukaa baraza moja moja, kutoa pole nilizochelewa na kupewa pole yangu ya bibi, na nilichukua muda mrefu kuzoea kuwa mwenyeji mahala ambapo ninajua kila mlango.

Wanaokuja kuniuliza kuhusu safari huuliza sana pesa, na wazazi wao huuliza usalama. Kwa pesa jawabu langu ni kwamba usiondoke bila ya nauli ya kurudi iliyofichwa, na usimkopeshe mwenyeji wala kumkopa, hata shilingi moja. Kwa usalama, baba na mama wa binti wazungumze wenyewe na mwenyeji kabla ya tiketi, kwa sauti, si kwa ujumbe wa kuandika. Mwenye kukataa kuzungumza nao, kwake usifikiwe. Pasipoti iombwe mapema, na viza isiachwe ikaribie kwisha kwa kutegemea huruma ya mtu.

Kisha nauliza na mimi: mikono yako inajua nini? Kupika, kushona, kusuka ukili, kuchambua, kusomesha Qur-ani, kukanda mama aliyejifungua, chochote kile. Asiye na cha kushika mkononi atakaa chumba cha mbele mpaka siku ya kuondoka. Anayetaka kofia mimi nipo Wete kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa msimu wa karafuu, hapo niko shamba kwa baba. Aje na kitambaa cheupe na sindano nyembamba. Uzi nitampa, na wiki za mwanzo atashona kitobo kimoja kimoja, akifumua kila ambacho upande wake wa nyuma hautazamiki.